Leso: kitambaa cha mkono kilichozaa kanga

Ukimwomba mtu leso Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, atatia mkono mfukoni akupe kitambaa kidogo cha mraba, cha kufutia jasho au kupengea kamasi. Ukimwomba mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu, atakuletea kanga.

Niliyaona haya mwenyewe Mombasa, Mtaa wa Biashara, nilipoingia duka moja kuuliza kama wana leso za zamani. Mimi ni mtu wa Tanga, nilikuwa natafuta vitambaa vya mkono. Muuzaji akaniuliza, "Wataka doti ngapi, dada?" na kabla sijajibu akaanza kunitandazia kanga mezani, za manjano, za bluu, kisutu chekundu juu yake. Nikamwonyesha kiganja changu: hapana kaka, zile ndogo, za kushika. "Aa, hanchifu!" akasema, akacheka, akaanza kuzikunja upya.

Siku ile nilitoka nikidhani nimekosea neno. Sikukosea, wala yeye hakukosea. Hizi si maana mbili zilizogongana kwa bahati mbaya. Kitambaa kimoja kilitoka ndani ya kingine, na jina likaenda nacho.

Neno lenyewe ni la Kireno: lenço, yaani kitambaa cha mkono au cha kichwa. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakafukuzwa hapo mwaka 1698. Karne mbili za mizinga, na tukiangalia walichotuachia mdomoni, mengi ni maneno ya ndani ya nyumba: meza, kasha, mvinyo, foronya, bendera, leso. Matatu ya mwisho ni vitambaa. Foronya imebaki ile ile ya kuvalisha mto, bendera imebaki ya kupandisha mlingotini. Leso peke yake ndiyo iliyokua.

Ilikuaje? Katikati ya karne ya 19 nguo iliyoenea pwani kwa watu wa kawaida ilikuwa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za wafanyabiashara wa Massachusetts, na kaniki, iliyotiwa nili ikawa bluu ya giza karibu na nyeusi. Nguo imara, lakini hazina ua wala nakshi. Wakati huohuo madukani kulikuwa na leso za kuchapwa kutoka ng'ambo, zenye rangi na maua, nazo zilikuja zikiwa bado zimeungana kwenye jora. Muuzaji alikata idadi uliyotaka. Simulizi ya Unguja na Mombasa inasema wanawake waliacha kununua moja moja. Walikatiwa sita kwa mkupuo, wakazigawa tatu na tatu, kisha wakashona vipande hivyo viwili ubavu kwa ubavu. Wakapata nguo moja ya kujifunga, yenye miraba sita.

Mimi napenda kuthibitisha simulizi kwa futi ya fundi. Chukua leso kubwa ya nusu mita kila upande. Tatu kwa urefu ni mita moja na nusu, mbili kwa upana ni mita moja. Sasa tandaza kanga yako ya leo uipime. Utakuta urefu wa kama mita moja na nusu, na upana wa mita moja na ushee kidogo. Karne na nusu imepita na kipimo bado kinazungukia palepale.

Kuna ushahidi mwingine, huu hauhitaji futi. Tazama kitenge: michoro yake inakimbia jora zima bila kikomo, unakata popote. Kanga huwezi. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wake wa kati, na mara nyingi ina ua moja kubwa katikati na maua mengine manne kwenye pembe. Sasa chukua leso yoyote ya zamani ya maua uitandaze kiganjani. Pindo, mji, pembe nne. Ni umbo lile lile, limekuzwa tu. Hata neno pindo tunalitumia kwa zote mbili.

Wafanyabiashara walipoona wanawake wanahangaika na sindano, waliagiza nguo iliyochapwa nzima, bila mshono. Viwanda vya Uingereza na Uholanzi vilichapa, baadaye India na Japani. Jina kanga, wanasema, lilitoka kwa ndege kanga, kwa sababu ya madoadoa meupe ya zile za mwanzo. Mombasa wao wakabaki na jina la mama yake. Huko ndiko Kaderdina Hajee Essak alikoanza biashara mwaka 1887, na nguo zake zenye maandishi "Mali ya Abdulla" bado zinajulikana na kila bibi wa pwani. Unguja, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wakivaa merikani na kaniki za watumwa walijifunga nguo hii ya rangi, na watu waliowaona njiani walielewa.

Basi mtu akisema anakusanya leso za zamani, anakusanya nini hasa? Kwa wakusanyaji ni vitambaa vya mkono vya enzi ambazo kila mtu alitembea na cha kwake, kabla ya karatasi laini za kutumia mara moja kutwaa kazi hiyo. Kleenex ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1924, kwanza kwa ajili ya kufutia mafuta ya uso. Watu wakaanza kupengea, kampuni ikaona, matangazo yakabadilika. Tangu hapo leso ya kitambaa ilizidi kurudi nyuma, ikawa kitu cha mfuko wa koti siku ya harusi. Zilizosalia zinapatikana kwenye masanduku ya wazee na, kwetu, kwenye mitumba. Usizitafute kwenye meza ya mbele. Uliza fungu la skafu na vitambaa vidogo, chambua taratibu, tumia vidole kabla ya macho.

Vidole vinajua mambo matatu. La kwanza ni kitambaa chenyewe: pamba ni laini na vuguvugu, kitani ni baridi kikiguswa na kina ukakamavu kidogo hata kikiwa chepesi, hariri inateleza. La pili ni pindo. Pindo la cherehani ni bapa, na mshono wake umenyooka kama mstari wa rula. La mkono limeviringishwa kwa vidole, mviringo mwembamba kama uzi wa kusukia, na ukipinda leso uangalie kwa karibu utaona vishono vidogo vilivyopishana nafasi kwa sababu mtu alipumua, akapumzika, akaendelea. Mimi leso yenye pindo la namna hiyo siirudishi mezani, hata kama katikati ina doa. La tatu ni nakshi. Geuza nyuma. Kazi ya mashine huacha nyuzi zimeruka kutoka ua hadi ua. Aliyedarizi kwa mkono vizuri huficha mafundo yake, na mgongo wa leso hukaribia kufanana na uso. Anayejua kofia za viua zinazotobolewa na kushonwa na wanawake wa pwani hahitaji kufundishwa hili.

Zipo leso zilizochapwa maneno pia, na hizi ndizo zinazonigusa zaidi. Katika mji wa Rouen, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19 zilichapwa leso za kumfundishia askari: namna ya kuifungua bunduki na kuisafisha, kwa michoro, ili mafunzo yakae mfukoni mwake. Kwetu maneno yaliingia kwenye leso kubwa, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini, nayo yakawa ya mke kumwambia jirani, mama kumwambia mkwe: Mkono mtupu haulambwi. Wema hauozi.

Leso ninayoijua kuliko zote ni ya bibi yangu, mama yake mama. Ni ya kitani cheupe, nyepesi kama melimeli, shubiri moja na nusu kila upande. Pembe moja imedariziwa herufi kwa uzi wa bluu, na herufi hiyo si ya jina lake wala la babu. Bibi alikuwa yaya wa familia ya Kizungu kwenye shamba la mkonge kabla ya uhuru, na leso alipewa huko, imeshatumika tayari. Pembe ya pili, ya mkabala, ina mikunjo midogo inayozunguka kama kizunguzungu cha maji, haitoki hata kwa pasi. Hapo ndipo alipofunga pesa zake. Na katikati ya mikunjo hiyo kuna doa la kijani, duara, lenye tundu jeupe katikati: ni senti kumi ya zamani, ile ya shaba yenye tundu, iliyokaa kwenye unyevu siku nyingi. Mkusanyaji anayetaka vitu safi angeiweka kando. Mimi nikiiona naona mkono wake ukifungua fundo.

Namna ya kuzitunza nilijifunza kwa kuharibu. Leso ya kwanza nzuri niliyopata, yenye lesi pande zote, niliitia jiki ili iwe nyeupe pe. Ilitoka nyeupe kweli, lakini lesi ikaanza kuachia nilipokuwa naianika. Jiki hula nyuzi za zamani. Loweka kwenye maji vuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo kali, acha usiku kucha, badilisha maji kama yametoka rangi ya chai, usisugue. Za rangi, hasa nyekundu, jaribu kwanza pembe moja kwa pamba nyeupe iliyolowa. Ikiacha rangi, osha peke yake na usiloweke kabisa. Nyeupe iliyopata unjano hupauka vizuri juani ikiwa bado mbichi, juu ya majani au kichaka kisicho na miiba, kama mama zetu walivyoanika. Piga pasi kabla haijakauka sawasawa, na nakshi iangalie chini juu ya taulo ili isilale. Kanji kidogo inapendeza kwa leso ya kutoka nayo, ila usiihifadhi na kanji. Wadudu wanaipenda kuliko sisi.

Kitu kinachoua leso nyingi kuliko jasho ni mkunjo. Leso iliyokunjwa mara nne na kuwekwa kashani miaka thelathini bila kuguswa hukatika pale pale kwenye mikunjo, msalaba mzima, hata kama haikuwahi kufuta pua ya mtu. Nyuzi zilizopinda mahali pamoja huchoka, hasa za kitani. Kwa hiyo zitoe kila baada ya miezi michache, uzikunje upande mwingine, au uziviringishe kwenye bomba la karatasi lililofunikwa kitambaa safi. Au zitumie, ndivyo ninavyofanya mimi. Leso inayofuliwa, kupigwa pasi na kutembea mfukoni haikai kwenye mkunjo mmoja muda wa kutosha kukatika.

Wengine huuliza habari ya usafi, na ni swali la haki. Leso ya jasho na leso ya mafua zisiwe moja. Ukiwa na mafua tumia karatasi uitupe, au uwe na leso kadhaa za pamba imara, kila moja ya nusu siku, kisha zote zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Ile ya bibi ya kitani haihusiki hapo. Yake ni kufuta chozi msibani, kufunika glasi ya maji ya mgeni, kufungia pete, kushika tu mkononi. Umm Kulthum wa Misri, ambaye wazee wa taarabu Unguja walimsikiliza kwa redio kama wanaosikiliza mwalimu, alijulikana kwa kuimba leso ikiwa mkononi mwake. Hakuwa na mafua.

Mwaka jana nilitaka kuona wale wanawake wa Unguja walikuwa wanashika nini hasa. Nikachukua leso sita za kiume za pamba nilizochambua kwenye mitumba, zenye pindo la mistari ya bluu na kahawia, kila moja sentimita 40. Nikaziunga tatu na tatu, kisha safu mbili pamoja, kwa mkono, jioni tatu. Nilichojifunza sindano ikiwa kidoleni ni kwamba kazi ngumu ni katikati, pale pembe nne zinapokutana: usipozilinganisha kabla, nguo nzima inapinda. Ilitoka sentimita 120 kwa 80 kasoro mshono. Fupi mno kwa mimi kujifunga, kwa hiyo nikampelekea mdogo wangu, aliyekuwa amejifungua wiki ile.

Shangazi yetu wa Mombasa alipokuja kumwona mtoto, alimkuta amefunikwa nayo. Akaishika pindo, akaigeuza nyuma kuangalia mshono, akauliza, "Leso hii mmeinunua wapi?"