Hedhi inayopitiliza: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Mwanamke wa Ngamiani au Makorora ambaye hedhi yake imefika siku ya kumi bila kukatika huwa ameshauriwa na watu wengi kabla hajamwona mhudumu wa afya hata mmoja. Mama mkwe, wifi, shoga na somo aliyemfunda, kila mmoja ana neno lake, na kwa kuwa maneno hayo husemwa kwa mapenzi, huwa vigumu kuyakataa. Mengi katika hayo si kweli, na anayeyafuata hukaa nyumbani akipoteza damu ambayo mwili wake hauwezi kuirudisha upesi.

Dhana yenye madhara makubwa kuliko zote ni ile isemayo kuwa damu hiyo ni chafu, kwamba kadiri inavyotoka kwa wingi ndivyo mwili unavyosafika, na kwamba kuizuia ni kujitakia maradhi. Damu ya hedhi ni ile ile inayozunguka mwilini, iliyochanganyika na tabaka la ndani la mfuko wa uzazi, ambalo huandaliwa kwa ajili ya mimba na kubomoka mimba isipotungwa. Haibebi taka za mwili, kwani kazi ya kuziondoa ni ya figo na ini. Hedhi ya kawaida huchukua siku mbili hadi saba, wengine hufika nane, na damu yote inayotoka katika siku hizo kwa wastani huwa kati ya mililita 30 na 40, kiasi ambacho hakijazi kikombe kidogo cha kahawa. Ikipita siku nane, au ikamlazimu mwanamke kubadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa moja au mbili, au ikatoka na mabonge yanayozidi upana wa sentimita 2.5, basi kuna jambo linalohitaji kuchunguzwa.

Pamoja na damu hiyo hutoka madini ya chuma, na akiba yake ikiisha mwanamke huanza kuchoka bila sababu, moyo humwenda mbio akipanda ngazi chache, na viganja hupauka. Wengine hushikwa na hamu ya kula udongo au mchele mbichi, na majirani wakadhani ni mimba. Hapo ndipo huletewa juisi ya rozela na bitiruti. Hakuna ubaya kuvinywa, lakini haviwezi kufidia damu inayoendelea kutoka kila siku. Aliyepungukiwa na damu huhitaji vidonge vya madini ya chuma, mara nyingi kwa miezi kadhaa, na huduma ya kutibu chanzo chenyewe. Vidonge hivyo visinywewe pamoja na chai ya rangi wala kahawa, kwa sababu hupunguza uwezo wa mwili kuyafyonza madini hayo, ilhali chungwa la Muheza, kwa vitamini C yake, husaidia.

Lipo pia jambo la dini, nalo linahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Wanawake wengi wa pwani yetu wamesoma kwamba katika madhehebu ya Shafi hedhi ndefu kabisa ni siku 15, na inayozidi hapo ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Baadhi yao huona kwamba kabla ya siku hizo kutimia hakuna sababu ya kwenda hospitali. Hukumu hiyo iliwekwa ili mwanamke ajue lini aswali na lini afunge, haikuwekwa kuwa kipimo cha afya yake. Anaweza kuifuata barabara katika ibada na papo hapo akaenda kupima siku ya tisa. Aidha, katika hadithi mashuhuri ya Fatima binti Abi Hubaysh, Mtume alimweleza kuwa damu yake isiyokoma ilitoka katika mshipa, wala si hedhi. Naona hapo pana ruhusa tosha ya kuihesabu damu ya namna hiyo kuwa maradhi yenye chanzo mwilini, na maradhi hutafutiwa tiba. Jibu hilo hilo lawatosha wanaoambiwa kuwa wana jini: dua isomwe, na kipimo kisiachwe.

Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, husemwa kwamba mama yake naye alikuwa hivyo na kwamba akizaa itatulia. Ni kweli kuwa katika miaka ya mwanzo hedhi huweza kuyumba kwa sababu yai halipevuki kila mwezi. Lakini kufanana na mama si dalili ya usalama, kwani yapo maradhi ya kurithi yanayozuia damu kuganda vizuri, na huweza kujulikana kwa mara ya kwanza kupitia hedhi nzito, hasa kwa binti anayetokwa na damu puani mara kwa mara au aliyevuja sana alipong'olewa jino. Huyo asipewe aspirini kwa maumivu, maana huzidisha kuvuja. Wazazi wanaohofia ubikira wa binti yao wafahamu kwamba altrasaundi hupimwa juu ya tumbo.

Lawama nyingine hutupiwa sindano na vijiti vya uzazi wa mpango, kwamba vinaozesha kizazi. Haviozeshi, ila kweli huvuruga mpangilio wa hedhi, hasa miezi ya mwanzo, na kitanzi cha shaba huweza kuiongeza. Anayesumbuliwa arudi kliniki akabadilishiwe njia. Tatizo la kulaumu sindano kwa kila kitu ni kwamba sababu nyingine husahaulika: uvimbe kwenye kizazi, hitilafu ya homoni, saratani ya shingo ya kizazi, mimba inayoharibika au iliyotunga nje ya kizazi. Mwenye uwezekano wa kuwa na mimba, anayetokwa na damu huku tumbo likimuuma upande mmoja au akiona kizunguzungu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Naye bibi aliyekwisha kukoma hedhi kwa miezi 12 kisha akaona damu, hata tone, asiambiwe kuwa ujana umemrudia. Hiyo huweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika.

Wengi hubaki nyumbani kwa kuogopa kwamba hospitali watawatoa kizazi. Kinachofanyika kwanza ni maswali, kipimo cha mimba, kipimo cha wingi wa damu na altrasaundi, na baadaye, ikihitajika, kuchukua sampuli ndogo ya ukuta wa ndani wa kizazi. Wengi hutibiwa kwa dawa: zipo za kupunguza damu zinazomezwa siku za hedhi tu, zipo za homoni, na kipo kitanzi chenye homoni, ambacho hupunguza damu tofauti na kile cha shaba. Uvimbe nao mara nyingi huweza kuondolewa peke yake, kizazi kikabaki. Kukitoa ni hatua ya baadaye kwa wachache, na haifanywi bila mgonjwa kueleweshwa na kuridhia. Safari yenyewe huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na penye haja huandikwa rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Aendaye awe ameandika tarehe damu ilipoanza na idadi ya pedi anazotumia kwa siku, na akiona haya kuzungumza na daktari mwanamume, ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke.