Je, wajua? Kosa kwenye zulia la Kiajemi huwekwa makusudi?

Ingia duka la mazulia ya Kiajemi, iwe Muscat, Dubai au London, umwonyeshe muuzaji ua moja ambalo rangi yake haifanani na wenzake. Hatakuomba radhi. Atatabasamu akwambie kwamba mfumaji ameliharibu ua hilo makusudi, kwani asiye na ila ni Mwenyezi Mungu peke yake. Bei haitashuka. Huenda ikapanda.

Hadithi hiyo ni tamu na imeenea dunia nzima. Lakini hebu ligeuze zulia, ulitazame kwa nyuma.

Zulia la mkono lina nyuzi za mtande, zile za urefu, zilizovutwa zikakaza. Mfumaji huzishika mbilimbili, akazifungia kipande cha sufu kwa fundo, akakikata kwa kisu, akaenda kwa fundo linalofuata. Mstari ukiisha hupitisha mshindio, uzi wa kukingama, na kuushindilia kwa kitana kizito. Sufu hiyo hutiwa rangi kidogo kidogo: wekundu wa mizizi ya mmea ambao Waajemi huuita runas, buluu ya nili. Ikiisha ya sufuria ya kwanza, sufuria ya pili haitoi rangi ileile. Maji si yale, mizizi si ile, na sufu ya kondoo huyu hunywa rangi kuliko ya yule. Ndiyo maana utakuta buluu ya mji wa zulia imeanza nzito, kisha ghafla imekuwa nyepesi kwa mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. (Mji na pindo nayaazima kwenye kanga, maana zulia nalo limegawanyika hivyohivyo.) Mabadiliko hayo wenye fani huyaita abrash, na wanunuzi wengi huyapenda.

Sasa angalia kona. Katika karakana za mjini, kama Kashan, mchoro huwekwa kwenye karatasi ya miraba, kila mraba fundo moja, kwa hiyo pindo hugeuka kwenye kona bila kukatika. Wanawake wa Kiqashqai, wafugaji wa kuhamahama wa mkoa wa Fars kusini mwa Iran, huwa hawana karatasi. Mchoro uko kichwani. Mfumaji anafika kwenye kona, ua limebaki nusu, analikata hapohapo na kuanza upande mwingine. Kitanda chake cha kufumia hulazwa chini na kukazwa kwa vigingi. Siku ya kuhama hung'olewa, kikafungwa na kazi ikiwa nusu, kikatandazwa upya penye malisho mengine. Mkazo wa nyuzi hauwi tena ule wa jana, na zulia hutoka pana huku, jembamba kule. Ujuzi huo wa Fars, pamoja na ule wa Kashan, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2010, kona zake zilizokatika zikiwemo.

Mwenye kazi ya namna hiyo hahitaji kutafuta kosa la kuweka. Makosa huja yenyewe.

Halafu kuna swali la dini, na hapa ndipo mimi hukwama na hadithi ya muuzaji. Anayesoma Suratul Mulk, ile Tabaraka wengi wetu tuliyoihifadhi chuoni, anajua aya ya 3 na ya 4: tazama mbingu saba, je, unaona kasoro? Rudia kutazama mara ya pili. Jicho litakurudia limechoka, halikuona kitu. Ukamilifu ni wa Muumba, sawa. Lakini mtu anayelazimika kuharibu ua moja ili zulia lake lisije likawa kamilifu, si ameshaamini kwamba bila hilo lingekuwa kamilifu? Unyenyekevu huo una kiburi ndani yake. Tena imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alisema Mwenyezi Mungu hupenda mja akifanya kazi aifanye kwa uzuri.

Alama ya makusudi kweli ipo, ila ipo mbali na Uajemi. Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, wana desturi, wasioifuata wote, ya kupitisha uzi mwembamba wa rangi tofauti kutoka ndani ya mji wa zulia, ukakata pindo hadi nje. Kwao ufumaji ulifundishwa na Mwanamke Buibui (mdudu, si vazi). Uzi ule ni njia: mfumaji ametia akili na roho yake kwenye kazi, na pindo lililofunga pande zote nne lingeweza kumzingira humo ndani. Basi humwachia mlango. Wageni wengi huuona wakasema ni kosa.

Na Uajemi? Kipo kitu kimoja kinachonifanya nisite. Zulia la Ardabil (mji wa Iran), lililoko jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina urefu wa mita 10 na nusu hivi, na mafundo zaidi ya milioni 25. Kwenye ncha moja kumefumwa mwaka, 946 Hijria, yaani 1539 au 1540, pamoja na mistari ya ushairi isemayo kwamba mwenye kusema hana kimbilio duniani ila kizingiti hiki, na jina: kazi ya mtumwa wa kizingiti, Maqsud wa Kashan. Aliyetaka kujinyenyekeza aliandika wazi, kwa herufi. Lakini katikati ya zulia hilohilo, huku na huku ya duara kubwa la manjano, zinaning'inia taa mbili za msikitini, na moja ni kubwa kuliko mwenzake. Rangi haikuisha hapo, wala kumbukumbu haikupotea. Kazi hii ilipangwa fundo kwa fundo. Wapo wanaosema ni hila ya macho, ili aliyekaa upande wa taa ndogo azione zote sawa. Wapo wanaosema ni ile kasoro ya makusudi.

Jumba hilo huliwashia zulia taa kwa dakika 10 tu kila nusu saa, ili rangi zisipauke. Ukifika, zitafute taa zile mbili kabla giza halijarudi.