Majina "yasiyo na kazi" katika nasaba za Biblia: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ni majina ya kujaza ukurasa.

Fungua Hesabu 26:29–33, jamaa za Manase: Iezeri (ndiye Abiezeri wa Yoshua 17:2), Heleki, Asrieli, Shekemu, Shemida, Heferi. Kisha anatajwa Selofehadi, asiye na mtoto wa kiume, na binti zake watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Wengi huruka hapa.

Mwaka 1910 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard walifukua vigae vya vyungu huko Samaria, kwenye eneo la jumba la wafalme wa Israeli. Vimeandikwa kwa wino, na zaidi ya 60 vinasomeka. Ni kumbukumbu za mizigo za karne ya 8 KK: mwaka wa utawala (wa 9, wa 10 au wa 15), mzigo umetoka wapi, unamhusu nani, ni mtungi wa divai ya zamani au wa mafuta. Na huko "wapi" ni Abiezeri, Heleki, Asrieli, Shekemu, Shemida, Noa, Hogla. Wale binti wawili kumbe ni majina ya maeneo yaliyopeleka divai ikulu. Orodha ya ukoo ilikuwa pia ramani ya nchi.

(Noa huyu si Nuhu. Kwa Kiebrania mmoja anaandikwa kwa herufi ayini, mwingine kwa heti. Biblia ya Kiswahili imewatenganisha vizuri. Kiingereza huwaandika sawasawa.)

Dhana: "Baba wa" ni mzazi, "mwana wa" ni mtoto wa kumzaa.

Salma anaitwa baba wa Bethlehemu (1 Nyakati 2:51). Mji hauzaliwi, maana yake ni mwanzilishi au mkuu wake. "Mwana wa" nayo huruka vizazi: Ezra 7:3 inatoka Azaria hadi Meraiothi moja kwa moja, ilhali 1 Nyakati 6:7–10 ina majina sita katikati. Mathayo 1:8 inaruka wafalme watatu. Kwa hiyo ukihesabu majina ukazidisha kwa miaka 25 ili upate tarehe, umekosea tangu mwanzo.

Dhana: Majina kumi ya Mwanzo 5, Adamu hadi Nuhu, yakipangwa yanatoa ujumbe wa siri.

Hii inapendwa sana mimbarani, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Methusela hutafsiriwa "kifo chake kitaleta". Lakini katika neno la Kiebrania la "kifo" herufi vavu iko kati ya memu na tavu. Katika Methusela iko baada ya tavu. Sehemu ya kwanza ya jina, *methu*, ni "mtu wa", na *shela* ni silaha ya kurushwa. Lameki nalo husemwa ni "aliyekata tamaa", wakati mzizi L-M-K haumo katika Kiebrania cha Biblia. Tatizo ni kwamba mtu anaanza na sentensi anayoitaka, kisha anatafuta neno lolote linalofanana na jina.

Kabla hujatafsiri jina, tazama kama andiko lenyewe linalieleza, kisha linganisha herufi moja moja. Hata andiko likieleza, mara nyingi linacheza na sauti tu: Yabesi (1 Nyakati 4:9) linahusishwa na neno la uchungu ambalo herufi zake mbili zimepishana na za jina.

Ajabu ni kwamba mahali ambapo majina kweli yanasomeka kama sala hapagusiwi: wana wa Hemani, 1 Nyakati 25:4. Kuanzia Hanania, "Bwana amehurumia", hadi Gidalti, "nimetukuza", na Romamti-ezeri, "nimeinua msaada", ni kama beti za zaburi zilizogeuzwa majina ya waimbaji.

Dhana: Wanawake hawamo.

Sheera, mwanamke wa uzao wa Efraimu, alijenga Beth-horoni ya chini na ya juu, na Uzen-sheera (1 Nyakati 7:24).

Dhana: Jina likiandikwa tofauti, mwandishi kakosea.

Wakati mwingine ndiyo: Dodanimu wa Mwanzo 10:4 ni Rodanimu katika 1 Nyakati 1:7, kwa sababu herufi za Kiebrania dalethi (D) na reshi (R) hufanana mno. Lakini mwana wa Sauli ni Ish-boshethi katika 2 Samweli na Esh-baali katika 1 Nyakati 8:33. *Boshethi* ni "aibu", neno lililowekwa ili jina la Baali lisitamkwe. Orodha kavu ndiyo iliyohifadhi jina la awali. Mwaka 2015 yalichapishwa maandishi ya mtungi wa Khirbet Qeiyafa, magofu ya kale nchini Israeli, wa takribani miaka 3,000, yenye jina hilohilo: Eshbaali mwana wa Beda, mtu mwingine kabisa.