Kakione mwezi wa tano: yanayosemwa kuhusu viwanja vya ufukweni Kigoma, na ukweli wake

Mwezi wa kumi ndio ufuko wetu hupendeza kuliko wakati mwingine wowote. Maji ya Ziwa Tanganyika yamerudi nyuma, mchanga umejitandaza, na ukisimama kwenye kiwanja upande wa Bangwe au Katonga unaona nafasi ya kuweka nyumba, baraza na banda la kupumzikia, na bado watoto wakapata pa kuchezea. Madalali wetu hupenda kuleta wateja wakati huo. "Mkuu, hapa maji hayajawahi kufika," anakwambia, na huenda hasemi uongo. Udalali ameuanza juzi, na kwa macho yake hajawahi kuyaona hapo.

Mimi naishi Bangwe na kazi yangu ni kusimamia ujenzi. Nimesimama kwenye viwanja hivyo na watu waliobeba akiba ya maisha yao yote: walimu wastaafu, wafanyabiashara wa dagaa, vijana wa Kigoma waliohamia Dar es Salaam na ughaibuni wanaotaka siku moja kurudi nyumbani kwa heshima. Wanakuja na mambo waliyoyasikia vijiweni. Mengine hayana madhara. Mengine yamewatia watu hasara ambayo mpaka leo hawajaimaliza, na hayo ndiyo yananiuma.

"Ziwa halipwi wala halijai, kwa hiyo mstari wa maji haubadiliki"

Wanaosema hivi mara nyingi wamekulia pwani, wanalinganisha na bahari. Ni kweli, Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa kila siku. Lakini lina mwendo wake wa mwaka. Maji hupanda msimu wote wa mvua, yakafika juu kabisa mwezi wa nne au wa tano, kisha hushuka kiangazi chote mpaka mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Kwa mwaka wa kawaida tofauti haifiki mita moja. Inasikika ndogo, lakini kwenye ufuko uliolala, kimo hicho ni hatua nyingi sana za mchanga. Kiwanja ulichoonyeshwa mwezi wa kumi, kipime tena mwezi wa tano, ndipo ujue unanunua nini.

Kubwa kuliko hilo ni mwendo wa miaka na miaka. Ziwa hili linapokea mito mingi, Malagarasi na Ruzizi ikiwa mikubwa, ila lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, ng'ambo kule Kalemie, Kongo. Na hata huo hautoi maji mengi. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kukaushwa na jua na upepo. Sasa mvua zikizidi mwaka mmoja, wa pili, wa tatu, maji yanalimbikizana kuliko yanavyoweza kuondoka. Kwa hiyo mvua kubwa ya mwaka huu inaweza kukufikia mlangoni miaka miwili baadaye, hata kama mvua ya mwaka huo ni ya wastani.

Historia ipo. Katika karne ya 19 mdomo wa Lukuga uliziba kwa tope na mimea, ziwa likapanda mpaka likavunja kizuizi hicho mwaka 1878. Baada ya hapo lilishuka karibu mita 10 katika muda wa miaka isiyofika 20. Ndiyo maana ukienda leo Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, unatafuta maji kwa kutembea, wakati siku zile yalikuwa karibu zaidi. Wageni wengi hushangaa jambo hilo. Mimi huwapeleka wateja wangu pale makusudi, wakaone kwa miguu yao jinsi ziwa linavyohama.

Likapanda tena baada ya mvua kubwa za miaka ya mwanzo ya 1960, kilele kikawa mwaka 1964. Wazee wa Katonga na Kibirizi waliokuwa watoto wakati huo bado wapo, na wanaweza kukuonyesha mti au mwamba ambao mawimbi yalifika. Kisha likapanda mwaka 2021, na tena 2024, ambapo Bujumbura na Uvira watu walihama nyumba zao.

Jirani yangu alikuwa na ngazi ya saruji ya kushukia ufukweni, vidato kumi na vinne. Nilivihesabu mwenyewe kwa sababu fundi wake alitaka kumdanganya kwenye malipo. Mwaka 2020 maji yalikuwa yamekula vitatu. Mei 2021 vilibaki sita. Aprili 2024 nilimkuta asubuhi amekaa kwenye kidato cha juu kabisa, suruali ameikunja mpaka magotini, miguu iko majini, anaangalia mahali lilipokuwa banda lake la makuti. Hakuniambia kitu, nami nikakaa pembeni yake.

Nyumba yenyewe ilipona, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa amekataa kujenga chini. Mzee alikuwa na miaka kumi na minane mwaka 1964.

"Nina hati, hakuna wa kunigusa"

Hapa nitasema taratibu, maana watu hukasirika. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ameshika kama mdhamini. Hati inakupa haki ya kuimiliki kwa muda, miaka 33, 66 au 99, pamoja na masharti. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 nayo inalinda mita hizohizo 60, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaja ardhi hiyo miongoni mwa zile zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi.

Watu huuliza: mita 60 kutoka maji ya mwezi gani? Swali zuri, na ndilo linalozaa migogoro. Jibu langu kwa mteja ni hili: jipimie kutoka mstari wa juu uliojulikana, usijipimie kutoka maji ya kiangazi. Ukifanya hivyo unakuwa umetii sheria na umeikwepa 2024 kwa mpigo mmoja.

Barua ya serikali ya mtaa inayosema fulani amemuuzia fulani ni ushahidi wa mauziano, na inafaa kuwa nayo, lakini haikugeuzi kuwa mwenye hati. Kabla hujatoa shilingi, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, tafuta bikoni zote za kiwanja, yaani alama za mipaka, kwa macho, na ukikuta moja iko majini, ujue umepata taarifa muhimu kuliko zote ulizopewa siku hiyo.

"Maji maangavu namna hii hayawezi kuwa na ugonjwa"

Ni maangavu kweli. Ukiwa kwenye mtumbwi siku ya utulivu unaona mawe chini na samaki wa rangi wakizungukazunguka. Lakini kichocho hakionekani. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wa majini na kupenya ngozi ukiwa umesimama tu unaosha miguu, na uangavu wa maji hauwazuii. Hatari si sawa kila mahali: kwenye miamba inayopigwa na mawimbi ni ndogo, na kwenye vighuba tulivu vyenye majani, karibu na watu wengi, ni kubwa. Bahati mbaya vighuba tulivu ndivyo watu wanavyovipenda kwa kuogelea watoto. Dawa ipo na inatibu. Mtoto akikaa ziwani kila wikiendi, mpeleke akapimwe hata kama anaonekana mzima.

Kipindupindu nacho hakichagui mtaa. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kaskazini mwa mkoa wetu, kililipuka pale ufukweni kwa sababu watu wengi mno walikuwa wakinywa maji yaleyale waliyoyachafua bila vyoo. Nyumba yenye vigae vya Italia inakunywa kutoka ziwa lilelile.

Na hapa kuna jambo ambalo wenye nyumba nzuri wanalisababisha wenyewe, bila kujua. Wanachimba shimo la maji taka upande wa ziwani, kwenye mchanga, kwa sababu ndiko mteremko uliko. Wanajua ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, wanadhani litameza kila kitu. Lakini uchafu wako hauendi kwenye kina hicho. Unakaa pale pale kwenye ghuba, kwenye maji ya juu ambamo samaki wanaishi, kwani chini sana hakuna hewa wala samaki. Tena ziwa likipanda, maji ya ardhini nayo hupanda chini ya kiwanja chako, na shimo hujaa kutokea chini. Mwaka 2024 niliitwa nyumba moja ambayo choo kilikuwa kinarudisha maji kila usiku. Mwenye nyumba alikuwa ameshaita gari la kunyonya mara tatu kwa wiki mbili. Tulipofunua mfuniko, maji ya shimoni na maji ya ziwa yalikuwa kimo kimoja, na shimo lilikuwa linayumba kidogo kidogo kufuata mawimbi. Tuliishia kujenga tangi lisilopitisha maji, upande wa barabarani, juu. Gharama yake ingekuwa nusu kama lingejengwa hivyo tangu mwanzo.

"Ukikaa ziwani umeaga shida ya maji"

Maji yapo chini, wewe uko juu, na kati yenu kuna pampu na umeme. Weka simtanki la kutosha. Maji yenyewe yana madini na magadi kidogo, birika litaota ukoko mweupe. Ya kunywa yachemshe au yatibu, hata kama babu yako aliyanywa hivyohivyo.

Kutu, kwa upande mwingine, isikutishe. Watu wa Dar es Salaam huniuliza mabati yatadumu miaka mingapi. Ziwa letu si la chumvi kama bahari, kwa hiyo nondo na mabati hayaliwi kama kule Kunduchi.

"Weka vioo vikubwa upande wa ziwa, ndiyo uzuri wenyewe"

Ziwa liko magharibi yetu. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia moja kwa moja kwenye kioo hicho, na sebule inakuwa tanuri mpaka magharibi. Nimeona nyumba ambayo mapazia mazito hayajafunguliwa mwaka mzima, na mwenyewe alilipia mandhari. Baraza pana lenye paa linaloshuka litakupa machweo na kivuli pamoja. Halafu ujue kwamba kiangazi moshi wa mapori yanayochomwa huifunika milima ya Kongo kwa wiki nyingi. Inaonekana vizuri baada ya mvua, tena vizuri mno, unaweza kuhesabu mabonde.

Linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, zungusha nyumba nzima, usikubali kubana hapo. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga hapa ziwani na kubomoa nyumba upande wa Kalemie.

"Matete ni uchafu, na mwalo unashusha hadhi ya mtaa"

Haya mawili nayasikia kwa watu walewale, kwa hiyo nayajibu pamoja. Matete yanashika udongo. Ukiyang'oa ili upate bichi ya picha, mawimbi ya kusi yatakuchukulia bichi yenyewe kuanzia mwezi wa sita. Ni kweli konokono wa kichocho hupenda majani, basi usiogelee humo, ila yaache yafanye kazi yake. Vilevile tope linaloshuka kutoka vilima tulivyovikata miti, pasipo kitu cha kulizuia, huenda kufunika mawe ambayo samaki huzalia.

Na mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ulikuwepo kabla yetu. Wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi na Katonga wanalisha Kigoma hii na miji mingi ya mbali. Njia ya wavuvi inayopita pembeni ya ukuta wako, usiizibe. Nimeona imezibwa, nimeona ugomvi wake, na nimeona pia siku ile ya Aprili 2024 ni nani waliokuja na mtumbwi kumtolea jirani yangu friji, mashine ya kufulia na mashine ya kushonea ya mama yake. Walikuwa vijana wanne wa mwaloni. Walikataa pesa, wakachukua chai.

Mwaka huohuo ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei, ili samaki wazaliane. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo ufuko wote ukawa giza. Wageni wawili wa mtaani walisema afadhali, injini zimenyamaza. Sisi wengine tulikuwa tunatoka barazani tunatazama weusi, hatuna la kuongea. Lilipofunguliwa katikati ya Agosti mwezi ulikuwa karibu kupevuka, na mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo tukangoja tena. Mwisho wa mwezi ndipo mitumbwi ilipotoka yote. Jirani alinipigia simu kutoka nyumba ya pili, mita thelathini, badala ya kuniita ukutani. "Toka nje," akasema. Taa zilikuwa zimetanda kutoka mdomo wa ghuba mpaka macho yanapoishia, na yeye alikuwa ameshaweka viti viwili kwenye kidato cha juu.