Je, wajua kwa nini piano iliyotuniwa juzi leo nyuzi zake hazisikilizani?

Piano imetuniwa Ijumaa, Jumapili kwaya inasimama kuimba na nota za katikati zimeshapotoka. Lawama huangukia nyuzi, na mara nyingi zinasingiziwa. Waya wa chuma uliokwisha kunyooka haulegei hovyo. Kinachosogea ni mbao zinazoushikilia.

Piano ya kawaida ina vibonyezo 88 na nyuzi kama 230, kwa kuwa nota nyingi zina nyuzi tatu, sehemu ya besi mbili, na zile nene kabisa mmoja. Kila uzi unavuta kwa uzito wa kilo 70 hivi. Jumla huzidi tani 15. Upande mmoja wa kila uzi umezungushwa mara tatu kwenye kigingi cha chuma kilichopigiliwa ndani ya gogo la mbao ngumu. Kigingi hicho hakikazwi kwa nati. Kinashikwa na msuguano wa mbao peke yake.

Basi jua kwanza: imepotoka piano nzima, au nota chache? Piga A za oktava zote ukitazama programu ya kutuni kwenye simu, uandike. Ikiwa nota za katikati zimepanda pamoja huku besi na za juu kabisa zimebadilika kidogo tu, ni unyevu. Ubao wa sauti, ule mpana ulio nyuma ya nyuzi, hunywa unyevu wa masika, hutanuka na kubenuka, ukasukuma daraja, ule mti ulioegemewa na nyuzi juu ya ubao, na kukaza nyuzi. Kiangazi husinyaa, sauti ikashuka. Kiyoyozi kinachowashwa Jumapili tu na kuzimwa wiki nzima kinaumiza kuliko joto la Mombasa lenyewe, maana mbao hazipati nafasi ya kutulia. Weka kipima unyevu ndani ya piano, isogeze mbali na dirisha na upepo wa kiyoyozi, na itunie wiki mbili tatu baada ya msimu kubadilika, si siku mvua inapoanza.

Zikiwa nota chache, ziba nyuzi mbili kati ya tatu kwa kipande cha felti (kitambaa kizito cha sufu), usikilize mmoja mmoja. Uzi mpya utashuka kwa miezi kadhaa, kwa sababu mizunguko yake kwenye kigingi na mikunjo yake darajani bado inajipanga. Utunie tena na tena. Uzi wa zamani ukishuka siku ileile, tazama kwanza mkono uliotunia.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukizungusha ufunguo wa kutunia, kile kifaa cha kugeuzia vigingi, kichwa cha kigingi hugeuka kabla ya mguu wake ulio ndani ya mbao. Chuma kinajisokota kidogo. Ukiachia hapo, kitajisokotoa chenyewe, na nota itashuka nacho. Pandisha sauti ipite kidogo tu pale unapotaka, kisha uirudishe taratibu, halafu piga kibonyezo kwa nguvu mara tatu nne. Isiposogea, kigingi kimekaa.

Kigingi kikigeuka bila upinzani wowote, tundu limepanuka. Kukiwa na nafasi chini ya mizunguko ya waya, kigonge kiingie milimita mbili. Piano kubwa ya kulala iwekewe jeki chini ya gogo kwanza. Njia nyingine ni supagluu nyepesi: laza piano ya kusimama chali, dondosha matone machache kuzunguka kila kigingi, subiri inywe, rudia. Fungua madirisha na uvae miwani. Isiposaidia, fundi atatia kigingi kinene zaidi kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Usitie mafuta, hata tone: yakiingia kwenye gogo, msuguano umekwisha. Na usitumie spana, hukwangua kichwa cha mraba cha kigingi.

Piano iliyokaa miaka bila kuguswa, ikashuka nusu ya nusutoni (hatua kati ya vibonyezo viwili vinavyofuatana), haitulii kwa kutuniwa mara moja. Ukikaza nyuzi za mwisho, uzito mpya unakandamiza ubao wa sauti, na zile ulizoanza nazo zinashuka. Ipitie yote harakaharaka ukipandisha sauti kupita kiwango chake kwa robo ya kilichopungua, iache ikae, ndipo uanze kutuni kwa uangalifu.