Kuunganisha upya sehemu ya mbele ya MGB: kwa nini bushi hukazwa mwisho

Gari la kale la spoti linapofika mikononi mwangu likiwa limefunguliwa vipande vipande, na vipuri vyake vimejaa kwenye makasha, huwa sianzi na injini wala rangi. Huanza mbele, kwa sababu hapo ndipo usukani, breki, springi na sura ya gari hukutana katika nafasi ndogo, na kosa dogo la sehemu moja hujitokeza kwenye nyingine. Leo nitaeleza namna ninavyoiunganisha sehemu hiyo katika MGB, gari lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Zaidi ya magari 500,000 ya aina hii yalitoka kiwandani, kwa hiyo vipuri vyake bado vinapatikana kwa urahisi, na pia makosa ya mafundi waliotutangulia yamesambaa kwa wingi uleule.

MGB haina chasi ya kujitegemea; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Saspensheni ya mbele imefungwa juu ya boriti nzito ya chuma iliyokingama, ambayo mafundi huiita krosimemba, nayo hushikiliwa na boliti nne ndefu zinazopita kwenye pedi za mpira. Juu ya krosimemba, kila upande, hukaa shokomzoba ya mtindo wa zamani: boksi la chuma lenye mafuta ndani, na mkono unaochomoza ambao wenyewe ndio mkono wa juu wa saspensheni. Mikono ya chini huzungukia kwenye bushi za mpira, yaani vibomba vifupi vinavyokaa ndani ya matundu ya maungio, na kati ya juu na chini husimama kingipini, ambayo gurudumu hugeuka juu yake. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba karibu kazi yote inaweza kufanyika mezani, krosimemba ikiwa imetolewa, kisha ikapandishwa kwenye gari ikiwa kitu kimoja.

Kabla ya kufunga chochote, shokomzoba huzijaribu kwa mkono. Boksi hubanwa kwenye jiliwa, kisha mkono wake husukumwa taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukinzani unapaswa kuwa uleule njia nzima. Mkono ukifika mahali fulani ukalegea ghafla kisha ukashika tena, mafuta yamepungua au hewa imeingia. Hapo huongeza mafuta na kuusukuma mara nyingi hadi hewa itoke. Ukiendelea kulegea, au mafuta yakavuja kwenye shafti, shokomzoba hiyo haifungwi kamwe, hata kama imepakwa rangi ikang'aa. Zilizo nzima hufungwa kwa boliti nne kila moja, nazo hukazwa kwa takribani niutoni-mita 60 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Boliti hizi naweza kuzikaza kikamilifu tangu mwanzo kwa sababu hakuna mpira unaozunguka kati yake na krosimemba. Tofauti hiyo itakuwa na maana kubwa baadaye.

Kingipini ndiyo sehemu inayokula muda wangu mwingi, na sioni aibu kusema hivyo. Bushi mpya zikishasukumwa ndani ya ekseli fupi ya gurudumu (kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka juu ya kingipini), kipenyo chake cha ndani hupungua kidogo, kwa hiyo ni lazima zichongwe kwa rima (kifaa cha kupanua tundu) moja ndefu inayopita zote mbili kwa mstari mmoja. Ukichonga ya juu peke yake na ya chini peke yake, kila moja itakuwa sahihi, lakini kingipini haitapita kwa ulaini. Tundu la grisi kwenye bushi lazima nalo lilingane na tundu la nipo, kichwa cha kupigia grisi, la sivyo utapiga grisi miaka mingi ikaishia nyuma ya bushi. Niliwahi kuletewa seti iliyouzwa kama iliyokwisha kuchongwa, ikiwa tayari kufungwa. Niliifunga nikiamini maneno ya muuzaji, na usukani ukawa mzito kiasi kwamba baada ya kona gurudumu halikutaka kurudi katikati. Nilipofungua upande wa kushoto nikakuta tundu la grisi limezibwa kabisa. Tangu siku hiyo naangalia kila tundu kwa tochi, na kupitisha waya mwembamba.

Juu na chini ya ekseli fupi huwekwa washa za kubeba mkandamizo, ambazo huuzwa kwa unene tofauti. Unene sahihi ni ule unaoiacha ekseli igeuke kwa kusukumwa na kidole, bila kupanda wala kushuka kwa namna unayoweza kuihisi. Nikigundua mchezo, yaani ulegevu, hubadilisha washa. Sikazi nati zaidi ili kuuficha. Kuficha mchezo kwa nati ni kosa la kawaida, na dalili yake ni usukani unaonata pale unapopita katikati.

Mikono ya chini ndiyo inayobeba kiini cha makala hii. Ndani ya bushi ya saspensheni, mpira hausuguani na chuma kama beringi. Sehemu yake ya ndani hubanwa isizunguke, sehemu ya nje hushikwa na mkono, na mkono unapopanda au kushuka mpira wenyewe ndio unaojisokota. Bushi inayobanwa ina nafasi moja tu ambayo ndani yake haijasokotwa, nayo ni ile iliyokuwapo nati ilipokazwa. Gari likiwa juu ya stendi, mikono ya chini huwa imening'inia mwisho kabisa. Ukikaza hapo kisha ukalishusha gari, mpira utasokotwa siku zote, hata gari likiwa limeegeshwa usiku kucha. Gari litasimama juu kuliko inavyopasa, springi zitalaumiwa bure, na baada ya muda mfupi mpira utachanika pembeni. Kosa hili nililifanya katika kazi yangu ya kwanza ya aina hii, na nilinunua springi nyingine kabla ya kuelewa kwamba zile za awali hazikuwa na tatizo lolote.

Onyo hili lina uzito zaidi kwa bushi zilizotoka kwenye MGB GT V8 ya 1973 hadi 1976, ambazo wengi wetu huzifunga hata kwenye magari yenye injini ya silinda nne. Bushi ya kawaida ya MGB ni vipande viwili vya mpira vinavyoingizwa kutoka pande mbili. Ile ya V8 ni kipande kimoja chenye bomba la chuma ndani, na bomba hilo hubanwa imara nati inapokazwa. Hudumu zaidi na huufanya usukani ujibu vizuri zaidi, nami huichagua karibu kila mara. Lakini haisamehe. Kwa hiyo nati zote za mikono ya chini huziacha zikiwa zimefika mahali pake tu, bila kukazwa, na hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani ili mtu asije akalitoa gari nje kabla ya kazi kukamilika.

Springi huingia mwisho katika hatua hii, na hapa tahadhari haina mjadala. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mfupa. Vitabu huelekeza kuweka jeki chini ya sahani ya springi na kuipandisha, njia ambayo hufaa pale gari lina injini yake. Kama bodi ni tupu, jeki itainua bodi kabla ya kuibana springi. Badala yake, hutoa boliti mbili zinazokabiliana za sahani ya springi na kuweka vyuma viwili virefu vyenye uzi mwisho hadi mwisho, kisha hukaza nati zake kwa zamu, mizunguko michache kila upande, hadi sahani ifikie mikono na boliti za kawaida ziweze kuingia. Kazi huenda polepole. Uzi hupakwa grisi kabla ya kuanza, na uso wangu haukai kamwe kwenye mstari wa springi.

Krosimemba ikishapanda na boliti zake nne kufika kwenye takribani niutoni-mita 75, hugeukia habu, kitovu cha gurudumu. Beringi za mbele za MGB ni za rola zilizochongoka, na kati yake kuna kipande cha chuma cha kutenganisha pamoja na vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi. Wako mafundi wanaokitupa kipande hicho na kurekebisha beringi kwa kulegeza nati kidogo, kama inavyofanywa kwenye magari mengine mengi. Mimi sikubaliani nao. Kipande hicho huiwezesha nati kukazwa kwa nguvu bila kuzibana beringi, na chuma kilichokazwa hivyo huifanya ekseli fupi iwe ngumu zaidi kupinda kwenye kona.

Njia yangu ni kuweka kwanza vibati vingi kuliko vinavyohitajika, kukaza nati, na kupima kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale) jinsi habu inavyotoka na kuingia. Kisha hupunguza vibati hadi mchezo ubaki kati ya milimita 0.05 na 0.10. Vibati huuzwa kwa unene wa inchi 0.003, 0.005 na 0.010, kwa hiyo hesabu ni ya kutoa tu, ingawa mara nyingi hufungua habu mara tatu kabla ya kuridhika. Nati yenyewe hukazwa kati ya niutoni-mita 54 na 95. Upana huo umeachwa kwa makusudi, ili uweze kuendelea kukaza hadi tundu la pini ya kufungia lilingane. Nati hairudishwi nyuma ili kulitafuta tundu.

Breki nitazipitia kwa haraka. Kalipa, zinazobana diski za breki, hazining'inizwi kwa mpira wa breki hata kwa dakika moja, na mpira huo ukishafungwa hukaguliwa magurudumu yakiwa yamegeuzwa kulia kabisa na kushoto kabisa, ili kuhakikisha haujipindi wala haugusi kitu.

Boksi la usukani hukaa mbele ya krosimemba. Kabla ya kulikaza, huhesabu mizunguko kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kuliweka katikati kabisa, kisha hufunga vichwa vya tairodi (fimbo zinazoyageuza magurudumu) kwa idadi sawa ya nyuzi kila upande. Shafti ya usukani lazima iingie kwenye jointi yake bila kulazimishwa. Ikihitaji kusukumwa kwa goti, kuna kitu kimekaa upande, na jointi itakufa mapema.

Kuhusu bodi ya mbele, kanuni ni moja: milango hutangulia. Madigadi ya mbele ya MGB yamefungwa kwa boliti, kwa hiyo yana nafasi ya kusogea, na kishawishi ni kuanza na boneti kwa sababu ndiyo inayoonekana zaidi. Lakini mlango ukisogezwa baadaye, mstari wote hadi kwenye taa huharibika. Huweka mlango, kisha digadi ifuate mlango, kisha boneti ifuate madigadi, na kila kitu hujaribiwa kabla ya rangi ya mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Bodi ya gari lisilo na paa hupinda kidogo likiwekwa juu ya stendi mahali pasipofaa, na nafasi uliyoipima hapo itakudanganya. Kati ya digadi na bodi hupaka mastiki, kisha hukagua kikinga matope kilicho nyuma ya gurudumu. Matope yakikusanyika nyuma yake hula digadi na nguzo ya mlango kutoka ndani, muda mrefu kabla ya kutu kuonekana nje.

Rejeta, kipoza mafuta, grili na bampa hufuata bila matatizo mengi. Taa ndizo zinazosumbua. Bodi iliyopakwa rangi mpya kila mahali haipitishi umeme pale waya wa bodi unapofungwa, na matokeo yake ni taa hafifu, ambazo watu huhangaika kuzibadilisha balbu. Kwangua rangi chini ya kila waya wa bodi, funga, kisha paka grisi juu yake. Kumbuka pia kwamba MGB za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani nguzo chanya ya betri ikiwa ndiyo iliyounganishwa na bodi. Muulize mwenye gari kama mfumo umegeuzwa kabla hujagusa waya wowote.

Sasa gari linashuka chini. Hulisukuma mbele na nyuma mita chache, hukalia bampa na kulitikisa mara kadhaa ili saspensheni itulie, na injini na rejeta lazima viwe mahali pake, vikiwa na maji na mafuta. Hapo ndipo huingia chini, gari likiwa juu ya njia mbili imara zilizo sambamba, na kuzikaza nati za mikono ya chini. Kazi nzima huchukua robo saa, na ndiyo ile ambayo watu huifanya wiki mbili mapema kuliko inavyotakiwa.

Alaimenti, yaani kulinganisha mwelekeo wa magurudumu, hufanywa baada ya hapo, si kabla, kwa sababu kukaza bushi hubadilisha urefu wa gari kutoka ardhini. Magurudumu ya mbele yanapaswa kuelekeana ndani kwa milimita 1.5 hadi 2.3. Mwegemo wa gurudumu, ambao ni takribani digrii 1, na mlalo wa kingipini kuelekea nyuma, ambao ni takribani digrii 7, haviwezi kurekebishwa. Vipimo hivyo vikitofautiana sana kati ya kulia na kushoto, kuna kitu kilichopinda, na kazi inarudi mezani. Baada ya kilomita 100 hivi hukagua tena boliti nne za krosimemba, kwa kuwa pedi zake za mpira hujikandamiza, kisha hupima alaimenti mara ya pili na kuandika namba zote mbili kwa kalamu ya rangi chini ya boneti, pembeni mwa rejeta, mahali ambapo fundi atakayelifungua gari hili baada yangu hatakosa kuziona.