Homa ya Mtoto Aliye Kwenye Dawa za Saratani Haisubiri Kupambazuke

Septemba ni mwezi wa saratani ya watoto duniani, nasi tunaohudumia watoto hao hapa Mbeya tuna jambo moja la kuwakumbusha wazazi wa Kyela, Tukuyu, Chunya na Makete: mtoto aliye kwenye tibakemikali (dawa za kuua chembe za saratani) akipata homa, zinahesabiwa saa, si siku.

Dawa hizo huangusha pia chembe nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, wakati ambao familia imekwisha kurudi nyumbani. Nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikishuka chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu, bakteria wa tumboni mwa mtoto mwenyewe huweza kuingia kwenye damu na kumuua kabla usaha au kikohozi hakijaonekana.

Mpime kwapani kwa kipimajoto, si kwa kiganja, na kamwe usipime kwenye njia ya haja kubwa. Zikifika nyuzi 38, au akitetemeka hata bila homa, anza safari. Usimpe panado kwanza, kwani itaficha homa huku maambukizi yakiendelea. Aspirini na ibuprofeni zinaweza kumletea damu kutoka.

Wapo wanaosema ni baridi ya Makete, au ni meno. Baridi haimpandishi mtoto hadi nyuzi 38. Wengine huja siku ya tatu wakiwa na majibu ya malaria na dawa mseto nusu imeshamezwa, na hili, tuseme wazi, linatuumiza kwa sababu tumelieleza mara nyingi: malaria itibiwe, lakini kipimo chanya cha malaria hakithibitishi kwamba hakuna bakteria kwenye damu.

Ukifika hospitali usikae kwenye foleni. Onyesha kadi yake ya matibabu, useme, "Yuko kwenye dawa za saratani na ana homa." Atachukuliwa damu ya kuhesabu chembe na ya kuotesha vijidudu, kisha atapewa antibayotiki ya mshipa ndani ya dakika 60 tangu kufika, bila kusubiri majibu. Kama uko mbali, nenda hospitali iliyo karibu, uwaombe wawasiliane na madaktari wake na kumwanzishia dozi hiyo kabla ya rufaa. Sindano ya takoni iepukwe, kwa kuwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chache, sindano hiyo huvujisha damu ndani ya msuli.

Andika tarehe ya dozi ya tibakemikali nyuma ya kadi, na kuanzia siku ya 7 weka nauli kando na uwe umekwisha kuelewana na mwenye gari atakayekubali kuamshwa saa nane za usiku.